Luis Enrique: Mama, weka picha za Xana

NYUMBANI kwa mama yake Luis Enrique hakukuwa na picha za mjukuu wake, Xana. Kocha huyo wa Paris Saint-Germain alipofika akaliona hilo, akauliza: Mama, mbona hakuna picha za Xana? Mama akajibu kwamba hawezi. Hawezi kabisa. Mwanaye akamwambia ni lazima aziweke, kwa sababu Xana yuko hai.

Aliyesema hivyo si mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Ni yeye mwenyewe aliyetoa taarifa ya kifo cha binti yake Agosti 29, 2019, mtoto akiwa na miaka tisa. Anajua vizuri kilichotokea. Alichokuwa anamwambia mama yake ni kwamba kwa mwili mtoto hayupo, lakini kwa roho yupo, maana wao kila siku wanamzungumzia, wanacheka, wanakumbushana mambo yake, na yeye anaamini kwamba binti bado anawaona.

Kisa hicho alikisimulia katika filamu ya vipindi vitatu kuhusu maisha na kazi yake iliyorushwa mwaka 2024 na Movistar Plus+ ya Hispania. Jina la filamu likitafsiriwa kwa adabu ni ‘Hamjui lolote’. Jina halisi lina tusi katikati, na anayemfahamu Lucho hawezi kushangaa. Huyu ni kocha anayegombana na waandishi wa habari mwaka mzima, anayewajibu kwa kejeli, na ambaye hajawahi kujali kama anapendwa au hapendwi. Halafu jamaa huyohuyo anakaa mbele ya kamera anamzungumzia marehemu binti yake, na hatoi chozi la kuombea huruma.

Katika filamu hiyo alijiuliza swali ambalo wazazi wengi waliofiwa na mtoto hawathubutu hata kuligusa. Je, yeye ni mtu mwenye bahati au mtu wa mikosi? Akajijibu mwenyewe: ana bahati, tena bahati kubwa sana. Sababu? Binti yake alikuja kuishi nao miaka tisa mizuri ajabu. Wana kumbukumbu elfu moja. Wana video. Wana vituko vyake.

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo hakuna shabiki anayeweza kumsahihisha baba huyu kwa namna alivyochagua kulibeba jambo lake. Ila inafaa kuangalia alifikaje hapo, maana watu wengi wamemfahamu Xana kupitia usiku mmoja tu wa Munich, na usiku ule ni sehemu ndogo ya hadithi.

JINA LA MAJINI

Luis Enrique Martínez ni mtoto wa Gijón, mji wa bandari ulioko Asturias, kaskazini mwa Hispania. Alianzia Sporting Gijón, akaenda Real Madrid mwaka 1991, kisha mwaka 1996 akafanya kile ambacho mashabiki wa Madrid hawajamsamehe hadi leo: akahamia Barcelona. Ni sawa na mtu kuvuka kutoka Jangwani kwenda Msimbazi, tena akifika huko anafunga na kushangilia mbele ya waajiri wake wa zamani. Akacheza Barcelona hadi alipostaafu mwaka 2004.

Mashabiki wa umri mkubwa wanamkumbuka zaidi kwa damu. Robo fainali ya Kombe la Dunia 1994 kule Marekani, Hispania dhidi ya Italia, beki Mauro Tassotti alimpiga kiwiko ndani ya boksi, pua ikapasuka. Mwamuzi hakuona. Lucho alibaki anabubujikwa na damu kwenye jezi nyeupe huku analia kwa hasira, dunia nzima inamtazama. Italia ikashinda 2-1, na Tassotti baadaye akafungiwa mechi nane. Picha ile imemfuata maisha yake yote. Ni mtu ambaye hisia zake huwa hazifichiki.

Binti yake wa mwisho, mtoto wa tatu baada ya kaka na dada, alizaliwa Novemba 27, 2009. Wakampa jina la Xana, linalotamkwa karibu na ‘Shana’. Hilo si jina lililookotwa kwenye magazeti ya mastaa. Katika hadithi za kale za Asturias, xana ni kiumbe wa kike anayeishi kwenye chemchemi na mito, mrembo mwenye nywele ndefu. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa haraka akiambiwa ni jamaa wa karibu wa nguva. Baba aliyekuwa ameishi Barcelona miaka mingi alimpa mtoto jina la nyumbani kwao, la milimani na kwenye maji ya kijijini.

BERLIN, JUNI 6, 2015

Msimu wake wa kwanza kuinoa Barcelona, Lucho alikuwa na Messi, Suárez na Neymar pale mbele. Katikati ya msimu wengi walimuona kama mtu anayekaribia kufukuzwa. Ikaishia kwa kubeba makombe matatu makubwa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipigwa Berlin, Juventus wakachapwa 3-1 kwa mabao ya Ivan Rakitić, Luis Suárez na Neymar, huku Álvaro Morata akiwa amesawazisha kwa muda.

Baada ya filimbi ya mwisho, wachezaji wakiwa wanazunguka na familia zao, akatokea dogo wa miaka mitano amevaa jezi ya Barcelona, ameshika bendera ya klabu. Wakaenda yeye na baba yake wakaisimika kwenye nyasi za uwanja wa Olympiastadion. Wapigapicha wakafyatua, kama wanavyofyatua kwa kila mtoto wa mchezaji anayekimbiakimbia siku ya ubingwa. Kwa wakati huo ilikuwa moja ya picha nyingi za furaha. Haikuwa na uzito wowote zaidi ya huo.

Wanaoifahamu familia hiyo kupitia maneno ya baba wanajua kwamba Xana alipenda sherehe. Lucho ameshalisema hilo zaidi ya mara moja, na akaongeza kuwa ana uhakika hata huko aliko anaendelea kuandaa sherehe.

UKIMYA WA MIEZI MITANO

Baada ya kuondoka Barcelona mwaka 2017 na kupumzika mwaka mmoja, Lucho alikabidhiwa timu ya taifa ya Hispania Julai 2018. Machi 26, 2019, Hispania ilikuwa Malta kucheza mechi ya kufuzu Euro. Kocha hakuwepo kwenye benchi. Shirikisho la soka likasema ameondoka kwa sababu nzito za kifamilia. Msaidizi wake, Robert Moreno, akasimamia mechi, Morata akafunga mawili, Hispania ikashinda 2-0.

Sababu haikutajwa. Mechi za Juni zikaja, kocha hayupo. Juni 19 akajiuzulu, na sababu bado haikutajwa. Hapa inabidi vyombo vya habari vya Hispania vipewe haki yao. Ni magazeti yanayoweza kuandika kurasa nne kuhusu kidole gumba cha mchezaji, lakini safari hii kwa sehemu kubwa yalimwacha mtu na familia yake. Kwenye taarifa ya Agosti familia iliwashukuru watu kwa usiri na uelewa wao, na haikuwa shukrani ya kutimiza utaratibu.

Ugonjwa ulikuwa osteosakoma. Ni saratani ya mifupa, na watu inaowashambulia zaidi ni watoto na vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi kwenye mifupa iliyo karibu na goti. Mtoto anaweza kulalamika mguu unauma, wazazi wakadhani ni michezo tu au anakua. Taarifa ya Lucho ilisema Xana alipambana miezi mitano. Ikawashukuru madaktari, wauguzi na wahudumu wa hospitali za Sant Joan de Déu na Sant Pau za Barcelona. Ikasema watamkumbuka kila siku ya maisha yao kwa matumaini ya kukutana tena, na kwamba atakuwa nyota ya kuiongoza familia.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, na jioni yake UEFA walikuwa Monaco wanapanga makundi ya Ligi ya Mabingwa. Barcelona na Real Madrid, ambao hawakubaliani hata juu ya saa ya kuanza mechi, wote wakatuma salamu za pole. Kwa saa chache hakuna aliyejali nani yuko kundi gani.

Novemba mwaka uleule Lucho akarudi kuifundisha Hispania. Urudi wake ulikuwa na maneno mengi kati yake na Moreno, na kwa shabiki wa Hispania huo ni ugomvi wa kujadiliwa siku nyingine. Kilichokuwa wazi ni kwamba mtu aliyerudi kazini hakuwa amepoa. Alikuwa mkali vilevile, anabisha vilevile. Euro iliyochezwa 2021 akaifikisha Hispania nusu fainali, ikatolewa na Italia kwa penalti.

WENGINE NA WAPENDWA WAO

Soka ina njia zake za kuwakumbuka marehemu, na karibu zote ni za mchezaji aliyefunga bao. Lionel Messi akitupia huwa anaelekeza vidole juu. Ni kwa ajili ya bibi yake, Celia, aliyekuwa anampeleka klabu ya mtaani ya Grandoli kule Rosario, na ndiye aliyemng’ang’ania kocha amwingize uwanjani yule mtoto mdogo kuliko wenzake. Bibi alifariki Messi akiwa bado mtoto. Hakuona hata mechi moja ya Barcelona.

Frank Lampard alifiwa na mama yake, Pat, Aprili 2008. Siku sita baadaye, Aprili 30, Chelsea ilikuwa inacheza na Liverpool nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Dakika za nyongeza ikapatikana penalti, na Lampard akachukua mpira. Hakuna aliyethubutu kumnyang’anya. Akafunga, akakimbilia kwenye kibendera cha kona, akapiga magoti, akakibusu kitambaa cheusi mkononi. Waliokuwepo Stamford Bridge usiku ule, hata wa upande wa Liverpool, wanajua waliona kitu kisicho cha soka.

Cristiano Ronaldo ni habari nyingine, na inaumiza kwa namna tofauti. Baba yake, José Dinis, aliyekuwa mtunza vifaa wa klabu ndogo ya Andorinha kisiwani Madeira, alifariki Septemba 2005 kwa maradhi yaliyotokana na pombe. Ronaldo alikuwa Moscow na timu ya Ureno, Luiz Felipe Scolari ndiye aliyempa taarifa, na bado akaomba acheze. Miaka 14 baadaye, Septemba 2019, kwenye mahojiano ya televisheni ya Uingereza akaonyeshwa video ya baba yake ambayo hakuwahi kuiona, mzee anaeleza anavyojivunia mwanaye. Ronaldo akalia. Akasema hakumfahamu baba yake asilimia mia, na kwamba baba hakuiona tuzo hata moja.

Ilikuwa wiki chache tu baada ya kifo cha Xana. Ni vigumu kupata tofauti iliyo wazi zaidi ya hiyo. Ronaldo, mwenye kila kitu, alikuwa analilia mazungumzo ambayo hayakufanyika. Lucho alikuwa na miaka tisa ya mazungumzo yaliyofanyika, na akaamua kwamba hayo ndiyo mali yake, na hataki mtu yeyote ayafungie kabatini. Ndiyo maana alimbana mama yake kuhusu picha. Huku Afrika Mashariki wapo wengi wanaomjua bibi wa aina ile: anatoa nguo za mtoto anawagawia watu, anafungia picha sandukuni, wageni wanaokuja kuhani wanaonywa mlangoni wasimtaje marehemu mbele yake. Inafanywa kwa upendo. Wanamuonea huruma. Ila matokeo yake mtoto anakufa mara ya pili, safari hii kwenye midomo ya ndugu zake. Hapo Lucho alikuwa sahihi, hata kama alimwambia mama yake kwa ukali wake wa siku zote.

PARIS BILA MASTAA

Julai 2023 akatua PSG. Messi na Neymar waliondoka majira yaleyale, na mwaka uliofuata Kylian Mbappé naye akaenda Real Madrid. Wachambuzi wakasema mradi umekufa. Lucho akasema timu itakuwa bora zaidi, na wengi wakacheka. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, waliocheka walionekana kuwa sahihi: PSG ilimaliza hatua ya ligi ya Ulaya nafasi ya 15 na kulazimika kupitia mchujo. Kuanzia hapo ikawa mzuka mtupu. Brest wakapigwa jumla ya mabao 10-0. Liverpool wakatolewa kwa penalti palepale Anfield, Gianluigi Donnarumma akipangua mbili. Aston Villa wakafuata, kisha Arsenal wakafungwa nyumbani na ugenini.

Miezi michache kabla ya fainali, Lucho alikuwa ameulizwa kuhusu kumbukumbu zake za Berlin. Akaitaja picha ile aliyonayo na binti yake wakisimika bendera ya Barcelona. Akasema anatamani kufanya vilevile na PSG. Binti hatakuwepo kwa mwili, alisema, lakini kwa roho atakuwepo, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Maneno hayo yaliwafikia mashabiki wa PSG, wale wanaokaa nyuma ya goli.

Mei 31, 2025, Allianz Arena, Munich. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa nne usiku, na kwenye vibanda umiza wengi walikwenda wakitarajia Waitaliano wa Inter Milan wakabe dakika 90 kama kawaida yao. Dakika ya 12 Achraf Hakimi akaweka la kwanza, akakataa kushangilia kwa sababu aliwahi kuichezea Inter. Désiré Doué, dogo wa miaka 19, akatupia mawili. Khvicha Kvaratskhelia la nne. Senny Mayulu, naye wa miaka 19, akafunga hesabu. Inter ikala khamsa. Haijawahi kutokea fainali ya kombe hilo kuisha kwa tofauti kubwa namna ile, na PSG ndiyo ilikuwa inalibeba kwa mara ya kwanza.

Filimbi ikalia, na kule nyuma ya goli likafunuliwa bango kubwa. Limechorwa baba na mtoto wa kike mwenye jezi ya PSG, wanasimika bendera uwanjani. Ni picha ya Berlin, ila rangi zimebadilishwa. Mashabiki walikuwa wamelitengeneza na kulisafirisha hadi Ujerumani bila kujua kama timu itashinda. Kama Inter ingeshinda, lingerudi Paris likiwa limekunjwa.

Lucho mwenyewe alikuwa amebadilisha nguo, amevaa fulana nyeusi yenye mchoro wa baba na binti wanasimika bendera. Ilikuwa miaka 10 kasoro siku sita tangu Berlin. Alipoulizwa akasema limemgusa sana bango lile lililotengenezwa kwa ajili ya familia yake. Kisha akaongeza jambo ambalo vichwa vingi vya habari viliupita haraka: kwamba yeye hahitaji kushinda Ligi ya Mabingwa ili amkumbuke binti yake. Anamkumbuka siku zote. Yuko nao, na anamhisi hata wakifungwa.

Na kweli wakafungwa. Wiki sita baadaye, Julai 13, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, Chelsea iliwanyoosha PSG 3-0. Baada ya mechi Lucho akaonekana kwenye vurugu na mshambuliaji João Pedro, mkono ukifika shingoni mwa kijana. Siku hiyo hakuna aliyefunua bango lolote, na wale waliokuwa wamemfanya malaika kule Munich wakapata kazi ya kumshusha. Yeye hakuwahi kuomba apandishwe.

Leo kuna taasisi yenye jina la binti huyo, Fundación Xana, ambayo yeye na mkewe wameianzisha kusaidia watoto na vijana wenye magonjwa makubwa, pamoja na familia zao. Hilo la familia si nyongeza ya kupendezesha. Mtoto akiugua saratani, wazazi wanaacha kazi, ndugu zake wanaachwa na majirani, nyumba nzima inahamia wodini. Lucho aliacha timu ya taifa ya Hispania na aliweza, kwa sababu alikuwa na akiba. Mzazi mwingine akiacha kazi mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hana nauli ya kwenda kumuona mwanaye.

AL KHOR, NOVEMBA 27

Anayetaka kuelewa jinsi familia hii inavyoishi na Xana asianzie Munich. Bora aanzie Qatar, mwaka 2022, kwenye siku ambayo hapakuwa na kombe wala bango.

Kombe la Dunia lile Lucho alikuwa kituko kwa namna yake. Kila siku alikuwa anaingia mtandaoni kujibu maswali ya mashabiki moja kwa moja, wanamuuliza hadi anakula mayai mangapi, waandishi wa habari wanabaki wamenuna. Novemba 27 Hispania ilikuwa na kipute na Ujerumani uwanja wa Al Bayt. Asubuhi akaweka video yuko juu ya baiskeli, anapiga pedali. Akasema leo ni siku ya pekee, na si kwa sababu ya Ujerumani tu: leo Xanita angetimiza miaka 13. Akamtumia mabusu mengi popote alipo, akamtakia siku njema, akamwambia wanampenda. Kisha akaenda kazini.

Mechi ikaisha 1-1. Morata alitangulia kufunga, Niclas Füllkrug akasawazisha dakika za lala salama. Siku tisa baadaye Hispania ikatolewa na Morocco kwa penalti, ya mwisho ikipigwa na Hakimi kwa kuidokoa katikati ya goli, Hakimi yuleyule ambaye baadaye angemfungia kocha huyohuyo bao la kwanza la Munich. Lucho akapoteza kibarua.

Lakini usiku ule wa sare, waandishi walimuuliza kuhusu siku ya kuzaliwa ya binti yake. Hakukwepa swali. Alisema kwa mwili hawanaye, ila kila siku wanamkumbuka na wanacheka sana, na kila kinapotokea jambo pale nyumbani huwa wanajiuliza: hapa Xana angefanyaje?